Keekee ya barafu: chukua ya inchi 6

Mdogo wangu, umeuliza huko Ufini ununue keekee ya mkono ya inchi 6 au 8 ya kutobolea barafu ya ziwa ili uvue samaki. Chukua ya 6. Tundu la upana wa inchi 8 lina barafu karibu mara mbili ya kuchimba, na nguvu zote ni za mkono wako. Ya 8 waachie wanaotafuta samaki wakubwa.

Zaidi tazama makali. Sisi mafundi wa majahazi hapa Nungwi tunalijua hili: keekee butu haili, inazunguka tu na kukusaga mabega. Visu vikigusa mchanga vimekwisha, basi nunua yenye visu vya kubadilisha na ala yake. Na barafu isiyofika sentimita 10 usiikanyage, nakuomba sana.