Maswali na Majibu: Nyumba za Mawe za Matajiri wa Lamu

Swali: Nilitembelea nyumba ya mfanyabiashara wa karne ya 18 huko Lamu. Vyumba ni virefu lakini vyembamba kama ujia. Walikosa kiwanja?

Jibu: Walikosa mti mrefu. Dari hubebwa na boriti za mkoko, na juu yake kuna matumbawe na chokaa, uzito si haba. Boriti ya kuhimili mzigo huo haivuki sana mita 3 kutoka ukuta hadi ukuta. Fundi akitaka chumba kikubwa hukirefusha, kukitanua hawezi. Hata tajiri wa pembe za ndovu alilala kwenye upana uleule wa jirani yake. Ukitaka kuuona utajiri wake, tazama ukuta wa ndani kabisa: zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zimechongwa kwa lipu ya chokaa, na ndani yake sahani na bakuli za Kichina. Bidhaa iliyovuka bahari haifichwi kabatini!

Swali: Mbona upande wa njiani hakuna madirisha?

Jibu: Mwanga huingia kupitia kiwanda, ua wa katikati. Mgeni wa biashara huishia kwenye daka, penye baraza za mawe mlangoni. Akivuka, hukuta tekani, kijia kilichopinda makusudi ili jicho lake lisifike ndani.

Swali: Eti walifuga samaki chooni?

Jibu: Kwenye birika, tangi la maji la humo chooni, ndiyo, ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini walipachika bakuli la kaure: maji yakipungua, samaki hukimbilia humo. Mimi hapo ndipo humvulia fundi kofia.

Swali: Kwa nini nyingi zimebaki magofu?

Jibu: Sehemu kubwa ya mali hiyo ilitoka mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907, mashamba yalianguka, na matengenezo yakakosa wa kuyalipia.

Swali: Tumerithi nyumba kama hiyo, ukuta unamenyeka. Fundi anasema tupige saruji.

Jibu: Mkatalieni. Ukuta wa matumbawe hupumua. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache lipu hubanduka na vipande vya jiwe. Tumieni chokaa. Na kwa kuwa mji huo ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, pitieni kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla hamjashika mwiko.