Maswali ya Gereji: Koili Inachemka, Platini Zinaungua

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina pikapu ya zamani ya petroli, ya platini (ile swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili), nabebea matunda kutoka Mbagala kwenda Kariakoo. Asubuhi inawaka bila shida. Nikikwama kwenye foleni jua la saa saba inazima, stata inapiga lakini haiwaki mpaka ipoe. Nimebadilisha plagi, platini na koili (inayopandisha volti za betri ziwe cheche), bado. Nataka nitengeneze mwenyewe, nianzie wapi?

JIBU: Usinunue spea nyingine kwanza. Ikizima tu, kabla haijapoa, chomoa waya wa plagi moja, uvalishe plagi ya akiba, uilaze kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na petroli, mwenzako apige stata. Ikitoa cheche ya bluu yenye mlio, hamia upande wa petroli, huenda inachemka kwenye bomba. Cheche nyekundu iliyofifia, au hakuna kabisa, basi shida ni moto, yaani umeme wa cheche.

Tunaishuku hiyo koili mpya. Ziko za aina mbili na dukani zinafanana. Chomoa waya zake, pima kwa mita kati ya terminali mbili ndogo. Ya kutumia rezista (kipande cha nje kinachopunguza umeme unaoingia kwenye koili) husoma karibu omu 1.5, isiyohitaji rezista karibu omu 3. (Gusanisha kwanza ncha za mita; kiasi inachosoma hapo ukitoe.) Ile ya 1.5 ukiifunga moja kwa moja kwenye volti 12 inavuta ampea 8 badala ya 4. Inachemka, inakata moto, na platini zinaungua. Kuna mafundi wanaoruka rezista kwa kipande cha waya ili moto uwe mkali. Unakuwa mkali kweli, kwa muda. Na ikiwa injini inashika stata inapopiga, halafu inazima ukiachia ufunguo, rezista imekatika.

Sasa zitazame platini. Upande mmoja ukiwa na kilima na wa pili kishimo, kondensa (kikopo kidogo kinachozuia cheche kwenye platini) ni ya kutupwa. Badilisha vyote viwili kwa pamoja. Toa waya wa hasi wa betri, zungusha injini kwa spana kwenye puli ya kreki mpaka kisigino cha platini kikae juu kabisa ya kona ya kemu (mhimili unaozifungua platini), kisha weka uwazi kwa fila (bapa jembamba la kupimia). Toyota nyingi za platini hutumia milimita 0.45, ila cheki kitabu cha injini yako. Fila ipite ikikwaruza kidogo. Kemu ipake grisi kiduchu. Ikizidi inarukia platini na moto unapotea. Taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, iwe ya mwisho, kwa sababu uwazi ukibadilika nayo inahama.

SWALI: Nikipita kwenye dimbwi wakati wa masika, gari linaanza kumisi. Nibadilishe plagi?

JIBU: Hapana. Fungua kifuniko cha distributa (kinachogawa moto kwa plagi), kifute ndani kwa kitambaa kikavu, ukitazame kwenye mwanga. Ukiona kistari cheusi chembamba kama unywele kati ya terminali mbili, moto unapita hapo. Kukikwangua kwa msasa hakusaidii, nunua kipya. Kabla ya kuchomoa waya zipe namba. Pikapu nyingi za Kijapani za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukizikosea injini itapiga mlipuko kupitia kabureta.