Kumuuguza nyumbani mgonjwa anayeishi peke yake

Baba mdogo alipoambiwa kwamba saratani ya tezi dume imefika kwenye mifupa, alikataa katakata kuhamia kwangu Dar es Salaam, akabaki Ngamiani, Tanga, katika nyumba aliyoishi peke yake tangu afiwe na mkewe. Nilidhani kazi kubwa itakuwa dawa. Asubuhi moja nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta ameanguka sakafuni, komeo limefungwa kwa ndani, na ilibidi tumwite fundi avunje mlango. Komeo liliondolewa siku hiyo, ufunguo mmoja akapewa jirani wa ukuta mmoja, tukakubaliana kwamba mgonjwa atambipu kila siku saa 1 asubuhi, na asipobipu jirani aingie bila kungoja ruhusa ya mtu.

Muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, alituletea mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ambayo hunywewa kila baada ya saa nne, na aliagiza dozi ya kulalia iwe maradufu ili mgonjwa asiamke saa 8 usiku. Kwa kuwa mwenye usingizi husahau kama amekunywa, tulimimina dozi za siku nzima katika vichupa vitano vilivyoandikwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kichupa kitupu kikawa ushahidi. Kipimo chenyewe kisibadilishwe bila muuguzi. Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache, lakini kufunga choo hakupungui, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo siku ileile mofini inapoanza. Sisi tulichelewa, na siku nne hizo zilimtesa kuliko mifupa.

Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukiziba, msisubiri ziara ya muuguzi. Huenda uti wa mgongo umebanwa, na hospitali ni siku hiyohiyo.

Ndugu wengi walituma pesa, jambo jema, ila pesa haimgeuzi mtu kitandani. Wiki tatu za mwisho vichupa na kubipu havikutosha tena, tukalala kwa zamu kwenye mkeka kando yake, mimi na wapwa zake wawili. Hata hivyo, kila jioni aliuliza kama jirani bado anao ufunguo.