Maswali ya Wasomaji: Msusi Ameniambia Tuzungumze Kwanza

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Tanga. Nina umri wa miaka 36 na nywele zangu nimekuwa nikizitia dawa tangu nilipomaliza shule. Miezi kumi iliyopita niliacha dawa, na sasa shinani zimeota za asili ilhali nchani bado zimenyooka. Zinakatika sana, hasa kwenye panja. Harusi ya mdogo wangu imekaribia, nami natamani kuzitia rangi ya kahawia kisha nisuke. Saluni niliyoelekezwa imenitaka nifike kwanza kwa mazungumzo, wiki mbili kabla ya siku ya kusuka, nikiwa nimefumua na kuosha, bila kupaka mafuta. Mimi nimezoea kuketi na kusukwa tu. Mazungumzo hayo ni ya nini, nitaulizwa nini, na je, nitayalipia?

JIBU: Dada yetu wa Tanga, msusi aliyekupa masharti hayo anaijua kazi yake, kwa sababu kichwa chako kwa sasa kimebeba nywele za aina mbili, na ombi lako la rangi pamoja na kusuka linaziongezea mzigo zote. Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo miezi kumi imekupa kama sentimita 10 za asili, ingawa kwa kuwa zimejikunja zitaonekana fupi kuliko hapo. Sehemu iliyotiwa dawa haitarudi kuwa ya asili hata ukiiosha vipi, maana dawa ya kunyoosha huvunja viunganishi vya ndani vya unywele moja kwa moja. Mahali zinapokutana aina hizo mbili ndipo penye udhaifu mkubwa zaidi, na mara nyingi ndipo nywele hukatikia. Ukitia rangi juu ya hali hiyo, sehemu yenye dawa huinyonya tofauti na ile ya asili, nawe unaweza kutoka na vivuli viwili vya kahawia usivyovitarajia.

Ameomba ufike bila mafuta ili nywele zionekane zilivyo, kwani mafuta huficha ukavu na nywele zilizobanwa huficha mkunjo wake. Tarajia akugawe nywele kwa kitana chenye mkia, aangalie ngozi ya kichwa mstari kwa mstari kutafuta mba, vidonda au vipele kwenye mashina, kisha akague mstari wa mbele, panja na utosi. Atachukua unywele mmoja, aulowanishe na kuuvuta taratibu: wenye afya hunyumbuka kidogo na kurudi, uliochoshwa na dawa hunyumbuka bila kurudi au hukatika papo hapo. Huenda pia akazitazama zile zinazobaki kwenye chanuo. Unywele wenye kifundo kidogo cheupe mwishoni umeng'oka kutoka kwenye shina, na kupoteza 50 hadi 100 za namna hiyo kwa siku ni jambo la kawaida. Usio na kifundo umekatika njiani, na kwa maelezo yako nashuku ndiyo hali yako, ila msusi aliyeushika ana haki ya kunipinga.

Yatakayofuata ni maswali, na hapa ndipo wateja wengi hujidhulumu kwa kuficha mambo kwa haya. Atataka kujua ulitia dawa gani mara ya mwisho, kama uliitia nyumbani au saluni, na kama ilipata kukuchoma kichwa. Atauliza iwapo umejifungua karibuni, kwa sababu nywele nyingi hupukutika miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua na kwa kawaida hurejea zenyewe, na iwapo una tatizo la tezi ya shingo au upungufu wa damu, ambayo yote mawili huweza kupunguza nywele bila msusi yeyote kuhusika. Mweleze pia unavyolala na unavyojifunga. Mtandio unaobanwa kwa nguvu juu ya nywele mbichi, siku baada ya siku, huzichosha zile za mbele, na kitambaa cha pamba huzikwaruza usiku kuliko cha satini.

Kuna swali moja ambalo mtu wa pwani hana budi kulijibu kwa ukamilifu, nalo ni la hina na piko. Hina halisi ni majani tu, lakini baadhi ya hina za pakiti huchanganywa na chumvi za madini ambazo hugongana vibaya na dawa za kung'arisha nywele, hata nywele zikaharibika kabisa. Kwa hiyo msusi makini hukata kishungi kidogo na kukijaribu kando kabla ya kugusa kichwa kizima. Piko ina hatari ya namna nyingine. Weusi wake aghalabu hutokana na parafenilenidiamini, kemikali ileile iliyomo katika rangi nyingi za kudumu za nywele, na mtu ambaye piko ya harusi iliyopita ilimletea malengelenge mikononi anaweza kupata madhara makubwa zaidi ikipakwa kichwani. Ikiwa yalikupata hayo, sema, na rangi ya namna hiyo uiache. Hata kama hayakukupata, anapaswa kukupaka tone la rangi nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa kiwiko na kusubiri saa 48. Nadhani hiyo ni moja ya sababu za kukuita wiki mbili kabla, nami nisingemwamini msusi anayeruka hatua hii kwa kisingizio cha haraka za sherehe.

Usishangae akikushauri uiache rangi kwa sasa na ununue rasta za kahawia. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kwako: picha za harusi zitakuwa na kahawia unayoitaka, na nywele zako hazitaguswa na kemikali. Hata hivyo mweleze wazi kwamba panja zako zimedhoofika, ili asuke mistari minene kiasi, apunguze uzito wa rasta, na aziache huru zile nywele changa za pembeni badala ya kuzilazimisha ziingie kwenye msuko. Tumezoea kuambiana kwamba msuko mzuri lazima uume, hata wengine humeza panadol ili wapate usingizi usiku ule. Maumivu hayo, pamoja na vipele vidogo vyeupe shinani, ni dalili kwamba mashina yanavutwa kupita kiasi. Mvuto huo ukigunduliwa mapema nywele huota tena, lakini ukiendelea kwa miaka mashina hufa, ngozi ikabaki laini inayong'aa, na hapo suala ni la daktari wa ngozi. Fumua baada ya wiki sita hadi nane, hata kama watu bado wanausifu.

Kuhusu picha, chukua moja ya mtindo unaoupenda na nyingine ya usioutaka kabisa, ukikumbuka kwamba vichwa vingi tunavyovitamani mitandaoni vimevaa wigi.

Malipo hutofautiana. Zipo saluni zisizotoza mazungumzo, na zipo zinazotoza kiasi kidogo ambacho hukatwa kwenye gharama ukirudi kusuka, kwa hiyo piga simu uulize kabla ya kutoka nyumbani. Ukiwa pale, omba utajiwe gharama nzima, ikieleweka kama inajumuisha rasta, kuosha na stimu, kwa kuwa ugomvi mwingi wa saluni huzuka pale mteja anapodhani rasta zimo na msusi anadhani mteja ataleta zake. Kusikiliza ushauri hakukulazimishi kusuka hapo. Kama amekubali kila ulichoomba bila hata kukushika kichwa, shukuru, uage, utafute mwingine.

SWALI: Nilimpeleka binti yangu wa miaka minane kusukwa kwa ajili ya kufungua shule hapa Morogoro. Msusi alimgawa nywele, akaona mabaka mawili ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika, akakataa kumsuka. Niliona amenidhalilisha mbele ya watu. Je, alikuwa na haki?

JIBU: Mama, alikuwa na haki ya kukataa, ingawa angeweza kukuita pembeni akakueleza kwa staha. Maelezo yako yanafanana na mapunye, maradhi ya fangasi yanayowapata sana watoto na kuambukizwa kwa urahisi kupitia vitana, mashine za kunyolea, kofia na mito. Angemsuka, angeweza kuyahamishia kwa mtoto anayefuata kwenye kiti, na msuko wenyewe ungeyaficha huku yakienea. Mpeleke zahanati akapimwe. Mapunye ya kichwani kwa kawaida hutibiwa kwa dawa za kumeza kwa wiki kadhaa, kwa sababu fangasi hukaa ndani ya shina ambako dawa ya kupaka pekee haifiki. Usikatishe dozi mabaka yanapoanza kufifia. Wakati huo mtengee kitana na taulo lake, uwakague na ndugu zake wanaolala naye, na usimrudishe kwa msusi hadi mganga atakaposema amepona.