Pinboli ya Bally iliyolala stoo: usiiwashe tena kabla ya kutoa betri

Mkuu, nimekuelewa hivi: ni pinboli (mashine ya mchezo wa kupiga gololi ya chuma) ya Bally ya mwishoni mwa miaka ya 1970, imelala stoo hapo Chumbageni, Tanga, kibandiko kinasema 120 V 60 Hz. Umeichomeka kupitia transfoma ndogo ya redio, taa za ubao wa kuchezea zikawaka, mchezo ukakataa kuanza. Ichomoe. Zile taa si ushahidi wa uzima: zinakula 6.3 V ya AC kutoka transfoma ya ndani bila kupitia bodi ya MPU (kompyuta inayoongoza mchezo), kwa hiyo mashine yenye ubongo uliokufa nayo huwaka vizuri tu.

Mshtakiwa wa kwanza ni betri. Fungua kioo cha kichwa (sanduku la juu), bodi ya MPU iko juu kushoto, na betri ya nikeli-kadimi ya 3.6 V imelehemewa kwenye pembe yake ya chini. Ikizeeka hutema alikali inayotambaa kwenye njia za shaba, ikaingia kwenye pini za viunganishi na kula saketi ya riseti (inayoianzisha bodi unapowasha) iliyo jirani. Kwa hewa ya bahari ya Tanga, kutu haihitaji kualikwa mara mbili. Kata betri, toa bodi, sugua kwa mswaki na siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, maana asidi ndiyo inayoizima alikali. Suuza kwa maji ya kuongezea betri ya gari (soma lebo, madumu ya asidi yanafanana nayo), kisha maliza kwa alkoholi ya isopropili. Spiriti ya kidonda achana nayo, nyingine ina mafuta yanayobaki. Kwangua ukijani mpaka shaba ing'ae, halafu ipake risasi ya kulehemu. Soketi ya chipu iliyoshika kutu usihangaike kuisafisha, ibadilishe. Betri mpya ziwe tatu za AA kwenye kishikio kilicho mbali na bodi, na daiodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N5817 katikati ya waya, kwa sababu bodi hujaribu kuchaji na betri za kawaida hazichajiwi.

Umeme sasa. Koili ya flipa (mkono unaopiga gololi) ina takriban omu 3 na inalishwa 43 V, kwa hiyo kila pigo linavuta zaidi ya ampea 10. Transfoma ya redio haibebi hilo: volti zitaanguka na MPU itajizima katikati ya mchezo. Tafuta ya kushusha isiyopungua VA 500. Afadhali zaidi ubadilishe miunganisho ya transfoma ya ndani kama ina vituo vya 220 au 240, ukifuata mchoro wa mchezo wako. Ukifanya hivyo, fyuzi kuu ishuke hadi nusu ya ampea zake za awali, na kama kuna varista (kinga ya volti zinazozidi) ya 130 V kwenye njia ya umeme itoe, la sivyo italipuka. Fyuzi zote zipime kwa mita zikiwa nje ya vishikio. Ukikuta iliyofungwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, jua kuna koili au transista iliyoungua mbele yake.

Washa mashine, viunganishi vya MPU vikiwa vimechomolewa, upime bodi ya rektifaya (inayogeuza AC kuwa DC): 43 V DC ya koili, karibu 12 V, na 230 V DC ya dispilei (vioo vya alama). Hiyo ya mwisho inaua, mkono mmoja ubaki mfukoni. Kwenye bodi inayoendesha koili tafuta 5 V. Ikiwa chini ya 4.9 au inatetema, kapasita kubwa ya 11,700 µF imekauka. Weka ya 12,000 hadi 15,000 µF, 25 V. Ukiwa hapo rudia kulehemu pini zote za viunganishi, nyingi huwa na ufa usioonekana bila lenzi.

Hapo ndipo urudishe MPU na kuhesabu. Kitaa chekundu cha bodi hupepesa haraka kidogo, kisha hupepesa mara saba kwa nafasi. Mpepeso wa kwanza ni chipu za programu, wa pili ni RAM ya U7 (U na namba ni jina la chipu kwenye bodi), wa tatu U8, wa nne U10, wa tano U11, wa sita ni saketi ya taima ya U12, wa saba ni kuwepo kwa 43 V. Unapokwama, kosa liko kwenye unaofuata: ukiona sita na kimya, chunguza fyuzi ya koili kabla ya kununua chipu yoyote. Kikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, rudi kwenye riseti, yaani kule kwenye betri.

Koili inayovuta mara tu unapowasha ina transista iliyoshoti. TIP102 inafaa, lakini kagua kwanza daiodi ya 1N4004 kwenye koili hiyo. Ikikatika, transista mpya itakufa vilevile. Mstari wa daiodi uelekee upande wa chanya.

Swichi za ubao zina mipako ya dhahabu, pitisha karatasi ngumu kati ya vidole vyake, usipige msasa. Msasa laini ni wa swichi ya mwisho wa flipa peke yake, ambayo ni tungsteni. Hiyo lazima ifunguke milimita 2 hadi 3 flipa ikifika juu, isipofunguka koili itaungua. Kwenye silinda za koili usitie mafuta hata tone, yanashika vumbi na kugeuka gundi. Badilisha mrija wa plastiki tu.

Andika hapa umehesabu mipepeso mingapi, na 5 V inasomaje.