Pingili za shingo zimelika: nivae kola ya kushikilia shingo?

SWALI: Nina miaka 61. Eksirei imeonyesha pingili za shingo zimelika. Nivae kola muda wote?

JIBU: Hapana. Ukiizoea kola, misuli ya shingo hulegea na maumivu hurudi ukiivua. Siku chache zinatosha. Picha nayo isikutishe, kwani wengi wa umri wako wanayo kama hiyo na hawaumwi.

Fanya zoezi hili: keti wima, rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, shikilia sekunde 5. Rudia mara 10, asubuhi na jioni. Ukihisi ganzi ikishuka mkononi, acha. Ukilala ubavu, mto ujaze nafasi ya bega hadi sikio, basi.

Vidole vikishindwa kufunga vifungo, au ukianza kuyumba, huenda uti wa mgongo umebanwa: wahi hospitali siku hiyohiyo.