Muulize Karani Mstaafu: Lazima nianzie Mahakama ya Mwanzo?

SWALI: Shikamoo mama. Niko kidato cha sita, mchepuo wa HGL. Nataka siku moja niwe Jaji wa Mahakama ya Rufani. Baba yangu mdogo, ambaye ni polisi, anasema lazima nianze na uhakimu wa Mahakama ya Mwanzo huko vijijini, nipande ngazi moja moja, na nikifika juu itakuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Ni kweli?
Mwanafunzi, Kahama

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba yako mdogo kapatia nusu. Wapo majaji walioanzia uhakimu, lakini mlango si huo peke yake. Marehemu Augustino Ramadhani alisoma sheria, akavaa magwanda ya JWTZ hadi akafika Brigedia. Akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar, akaingia Rufani mwaka 1989, na 2007 akawa Jaji Mkuu wa Tanzania. Alipostaafu akaenda kuwa padri wa Anglikana! Profesa Ibrahim Juma, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, naye alitokea darasani, alikuwa mwalimu wa sheria pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kisichokwepeka ni shahada ya sheria, na kwa kawaida ile miaka isiyopungua kumi ya sifa za kisheria ambayo Katiba inaitaka kwa jaji. Siku hizi kuna na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), wanafunzi wanaiogopa kama kuzimu. Anayemteua Jaji wa Rufani ni Rais, baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Kuhusu kustaafu, jaji wa Mahakama Kuu ni miaka 60, wa Rufani 65, kwa hiyo mwambie baba mdogo hesabu yake airudie.

Ila uhakimu usiudharau. Nimekaa masjala miaka 31, nikishona majalada kwa sindano na uzi, kwa hiyo nazungumza kwa niliyoyaona. Jaji wa Rufani hamuoni shahidi akitokwa jasho kizimbani. Wanakaa watatu, na mbele yao kuna karatasi tu: kile alichoandika hakimu au jaji wa chini, miaka mingi nyuma, pengine umeme ukiwa umekatika.

Kituo kimoja, sikitaji, nilikuwa na hakimu mwenye mwandiko mzuri kama wa kadi ya harusi. Mwepesi wa kuandika, mpole kwa watu. Siku hiyo shahidi wa tatu alimaliza, hakimu akageuza ukurasa, akamwita wa nne. Hakutia saini chini ya ushahidi ule, na sheria inataka atie. Mimi ndiye niliyelishona jalada lile, wala sikuona. Rufaa ikapita Mahakama Kuu, ikafika Rufani, na huko wakaona. Mwenendo, yaani maandishi ya kesi, ukafutwa kuanzia pale, jalada likarudishwa kwetu lianze upya kwa shahidi wa tatu. Mshtakiwa alikuwa ameshakaa ndani miaka sita. Shahidi mwenyewe alikuwa ameshafariki. Nililipokea dirishani, nikafungua ukurasa ule, nikaitazama nafasi tupu, upana wa vidole viwili.

Kwa hiyo usitafute njia ya mkato kwa kuogopa Mahakama ya Mwanzo. Aliyewahi kuandika mwenendo kwa mkono wake, huku wazee wa mahakama wakisinzia pembeni na mbuzi wa kidhibiti akilia nje, anajua wapi pa kuangalia akiletewa jalada la mwenzake. Ukipitia uwakili au ualimu pia sawa, tafuta tu namna ya kulijua hilo.

Ukifunga shule, nenda mahakama ya hapo karibu asubuhi, vaa heshima, zima simu, kaa benchi la nyuma. Kesi nyingi husikilizwa wazi, hakuna wa kukufukuza. Shahidi akimaliza, wewe usimfuate kwa macho. Tazama mkono wa hakimu.